Kunenepa chuoni: maswali mnayoniuliza kila semista

Nimeamua kuyaweka haya maswali sehemu moja maana kila semista ikifunguliwa naulizwa yale yale, wengine wananitumia meseji usiku wa manane, wengine wananivuta pembeni hata kwenye harusi ya watu. Mimi niliingia chuo hapa Dar nikiwa na kilo 58 nikatoka na 79, miaka mitatu tu, na kazi niliyokuja kuifanya baadae ni ya lishe, kwaiyo hili jambo nilishalibeba mwilini kabla sijalisoma kwenye vitabu. Naandika hasa kwa mwanafunzi wa Tanzania anayekaa hosteli au geto na anayeishi kwa bumu, yaani hela ya mkopo wa kujikimu. Wewe unayetokea nyumbani na kula kwa mama soma tu, yapo yatakayokugusa.

Ni kweli watu wananenepa wakifika chuo au ni maneno tu?

Ni kweli, ila sio wote na sio kwa kiasi mnachotishana. Wamarekani wana msemo wao wa siku nyingi kwamba mwaka wa kwanza chuoni unakuongezea pauni 15, yaani karibu kilo 7, lakini watafiti walipowapima wanafunzi kwenye mizani wakakuta wastani ni kilo moja na kitu. Usifurahi haraka lakini, maana ndani ya huo wastani kuna waliopungua pia, na kilo moja na nusu kila mwaka kwa kozi ya miaka minne tayari ni kilo sita, na zikishakaa hizo kuzitoa ni kazi.

Kwa Tanzania nzima hali inapanda. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2010 uliwakuta wanawake 22 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au ni wanene, ule wa 2015-16 ukakuta 28. Ni muda mfupi sana huo. Na dunia nzima, Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu bilioni 1 waliokuwa na unene uliopitiliza mwaka 2022.

Nitajuaje kama mimi ni mnene au nimejaa tu?

Chukua uzito wako kwa kilo, gawanya kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mfano una urefu wa mita 1.60: 1.60 mara 1.60 ni 2.56. Ukiwa na kilo 64 unapata 25. Kuanzia 18.5 mpaka chini kidogo ya 25 uko sawa, 25 mpaka chini ya 30 uzito umezidi, 30 kwenda juu huo ndio unene wenyewe. Mimi na urefu wangu huo huo wa 1.60 niliingia na 22.7 nikamaliza na 30.9. Sikujua kabisa. Nilikuwa najiona nimependeza, na kila mtu alikuwa ananiambia nimependeza.

Hiyo hesabu haimtendei haki mtu wa gym mwenye misuli mingi, kwaiyo pima na kiuno. Tafuta futikamba ya fundi cherehani, zungusha usawa wa juu kidogo ya kitovu, pumua kawaida usivute tumbo. Mwanamke ikivuka sentimita 80 anza kuangalia, mwanaume 94. Ikifika 88 kwa mwanamke na 102 kwa mwanaume hapo hatari ya kisukari na presha imepanda kweli kweli. Kama huna kumbukumbu ya namba, jua tu kwamba kiuno kisizidi nusu ya urefu wako.

Dada, mimi sili sana, mara nyingine nakula mara moja tu kwa siku, mbona nanenepa?

Hili ndio swali ninaloulizwa kuliko yote na ndio linaloniuma kuliko yote, maana anayeuliza huwa anasema ukweli na watu hawamwamini.

Ngoja nikuelezee siku yangu ya mwaka wa pili uone. Naamka saa moja na nusu, lekcha saa mbili, sijanywa hata chai. Saa nne kuna dakika kumi za kupumzika, foleni ya kantini ni ndefu, nanunua soda na maandazi mawili nakula nikiwa natembea. Lekcha nyingine mpaka saa saba, halafu kuna semina saa nane, nikasema acha nipige pasi ndefu, nisile mchana, hela yenyewe ya mawazo. Saa kumi na mbili jioni tumbo linaunguruma mpaka aliyekaa pembeni anasikia. Saa mbili usiku natoka laibrari, nimechoka, natetemeka, na kitu pekee kinachonukia barabara nzima ni kiepe, yaani chipsi. Hapo hata ukiniletea mchicha siuoni. Naagiza zege, zile chipsi za kukaangwa na mayai, ya mayai mawili na mishikaki na soda, nikifika chumbani nakuta wenzangu wamepika wali, nakula tena "kidogo". Saa sita usiku nafungua biskuti niandike asaimenti.

Ukiniuliza siku hiyo nimekula mara ngapi ntakujibu mara moja na ntakuwa nimeapa. Kumbe vile vya kutembea nilikuwa sivihesabu kama kula, na ile mara moja yenyewe ilikuwa ya mtu aliyekaa na njaa masaa kumi. Mwili uliopigishwa deshi mchana kutwa hauombi tunda usiku, unaomba mafuta na sukari, na unaomba vingi. Kwaiyo usijiite mlafi, mdogo wangu. Ratiba ndiyo imekupanga hivyo.

Kwani bumu linahusikaje?

Linahusika sana na sijui kwanini halizungumzwi. Posho ya kujikimu ya bodi ya mikopo ilipandishwa kutoka 8,500 kwenda shilingi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23, lakini hakuna anayeipata kwa siku. Inaingia kwa mkupuo, ya miezi miwili au zaidi kwa pamoja, kwa kijana wa miaka 20 ambaye pengine hajawahi kushika laki tano yake mwenyewe. Wiki ya kwanza ni kuku wa kukaanga, pizza ya kuchangishana, juisi za boksi, mtoko na mpenzi. Wiki ya saba ni maandazi na chai ya rangi, au mkate na maji.

Watu wanadhani ile miezi ya njaa inafuta ile ya kushiba. Haifuti. Kipindi cha njaa sio kwamba unakula vya maana kidogo kidogo, unakula vya bei rahisi vinavyojaza: unga mweupe, sukari, mafuta yaliyokaangiwa mara kumi. Matunda na mboga ndio vya kwanza kukatwa kwenye bajeti. Halafu bumu likiingia unakula kama mtu anayelipa kisasi. Ushauri ambao naona umewasaidia wengi: siku bumu linaingia, kabla ya kitu kingine chochote, nenda kwa mama ntilie unayemwamini umlipe kabisa chakula cha mchana cha mwezi mzima, wali au ugali, maharage, mboga ya majani. Wengi wanakubali na wanakuandika kwenye daftari. Hata ukifulia, mchana utakula chakula.

Zege ina shida gani hasa? Si viazi na mayai tu?

Mayai hayana ubaya, viazi havina ubaya. Simama siku moja karibu na kijana anayekaanga, usiongee nae, muangalie mikono tu. Viazi vimeshakaangwa mchana vikakaa kabatini, vinarudishwa kwenye karai vipate moto, hapo vinakunywa mafuta mara ya pili. Anachukua kile kikaango kidogo cheusi, anamimina mafuta mengine, anatupa chipsi, anavunja mayai juu, anazungushia mafuta kidogo pembeni ili isigande. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120, na pale hamna anayepima kwa kijiko. Sahani ya kawaida kupita kalori 800 ni rahisi kabisa, na kwa msichana asiyefanya kazi ya nguvu hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya mahitaji ya siku. Bado soda. Bado saa yenyewe ni saa tatu usiku na baada ya hapo ni kitanda.

Sisemi usile zege. Mimi bado nakula, Jumamosi. Shida ni pale inapokuwa chakula cha usiku cha kila siku kwa sababu ndicho pekee kilichopo wazi saa hiyo. Ukila, omba kachumbari nyingi, chukua mayai mawili na chipsi nusu, wanakubali ukiwaambia, na unywe maji.

Soda moja kwa siku nayo mnaihesabu?

Ndiyo. Soda ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, yaani vijiko tisa vya chai. Hebu vichote kweli uviweke kwenye kisahani uvitazame. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana iwe chini ya 25. Soda mbili tayari umevuka, bado chai ya vijiko vinne na juisi ya miwa.

Ubaya mwingine wa sukari ya kunywa ni kwamba haishibishi. Ukila kalori 150 za maharage tumbo linajua, ukizinywa kwenye soda unakula ugali wako ule ule kama hukunywa kitu. Na hizi enaji mnazobugia wiki ya mitihani, zile za kopo dogo zina sukari inayokaribia ya soda halafu zinakunyima usingizi, na usingizi ndio swali linalofuata.

Kukesha kunanenepesha? Si ndio unatumia nguvu zaidi?

Nguvu unayoongeza kutumia ukiwa umekaa macho ni kidogo sana ukilinganisha na unachokula ukiwa macho. Mwaka 2004 watafiti wa Chicago waliwachukua vijana wa kiume 12 wenye afya nzuri wakawalaza masaa manne tu kwa siku mbili, wakaja kulinganisha na siku walizolazwa masaa kumi. Leptini, ile homoni inayokwambia umeshiba, ilishuka kwa 18%, na grelini, ile ya njaa, ikapanda kwa 28%. Vijana wakawa wanatamani vitamu na vya chumvi zaidi. Ni watu wachache, ila tafiti nyingi zilizofuata zimekuta wasiolala wanakula zaidi.

Sasa wewe unakesha siku mbili au wiki ya mitihani nzima? Na wengi wenu hamkeshi mnasoma. Unakuta bando la usiku ndio la bei rahisi, kwaiyo sizoni zinapakuliwa usiku, simu usoni mpaka saa tisa, pakiti ya karanga za kukaanga pembeni. Mtu mzima anatakiwa angalau masaa saba. Nafahamu chumba cha watu sita hakilali pamoja. Kubalianeni tu taa kubwa inazimwa saa ngapi, anayetaka kuendelea aende chumba cha kusomea.

Mwenzangu wa chumba anakula ovyo na mimi najikuta nakula nae, au najisingizia?

Hujisingizii. Nicholas Christakis na James Fowler walitoa utafiti mwaka 2007 uliofuatilia watu 12,067 wa Framingham kule Marekani kwa zaidi ya miaka 30, wakakuta rafiki yako akinenepa, uwezekano wa wewe kunenepa unapanda kwa 57%. Wapo waliowapinga, wakasema huenda watu wanaofanana ndio wanaochaguana urafiki. Lakini hosteli hujachagua mtu, umepangiwa, na sahani ni moja.

Kwetu kula peke yako ni tabia mbaya, tumelelewa hivyo. Mtu akikwambia karibu, ukikataa mara tatu ataona unamdharau. Naupenda utamaduni huu na sitaki ufe. Ila huo huo unaweza kuufanya ukusaidie: changeni hela ya mboga na maharage, zamu ya kununua ndizi, mtungi wa maji ya kunywa mezani. Kwenye chumba chetu cha mwaka wa tatu mmoja wetu alianza kuleta papai zima kila Jumapili akalikata kwenye beseni la plastiki la kijani, tukawa tunakula kwa vijiti vya meno tukipiga stori. Hakutuhubiria chochote. Biskuti zilipungua zenyewe.

Nikienda likizo nyumbani wanafurahi nimenenepa, wanasema nimenawiri. Nifanyeje?

Wape heshima yao kwanza, maana furaha yao ina sababu. Mzazi aliyekulia miaka ya njaa anamuona mtoto mwembamba anaona shida. Na kuna jingine zito ambalo vijana wa sasa hamkulishuhudia: ukimwi. Ulipoingia Uganda miaka ya 80 watu waliuita Slim kwa jinsi ulivyokuwa unakondesha, na huku kwetu mtu akipungua tu mtaa mzima unanong'ona. Kizazi cha wazazi wetu kimezika ndugu waliokonda. Ndio maana mama yako akiona mashavu roho yake inatulia, na ndio maana wapo watu wanaoogopa kupunguza hata wakiambiwa na daktari, wanaogopa maneno.

Mimi nilipoanza kupungua, shangazi yangu alikuja mpaka chumbani akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, umepima?" Alikuwa analia. Nikamkalisha nikamuonyesha kikaratasi cha presha yangu ya kabla na ya sasa. Ndio akaelewa. Kwaiyo ushauri wangu ni huo, usibishane nao kuhusu urembo, waonyeshe namba za presha na sukari, na uwaambie unakula. Hilo neno "nakula" ndilo wanalolitaka.

Wavulana wanataka figa namba nane. Hivi vidonge vya kuongeza shepu ni salama?

Hapana. Nakuomba kama dada yako, usiviguse. Kuna vinavyouzwa kwa siri vya kuongeza hamu ya kula na kujaza makalio, watu wanaviita mchina, na hujui ndani kuna nini. Vingine ni dawa za mzio zinazokuletea njaa na usingizi, vingine ni steroidi kama deksamethasoni. Steroidi ukizitumia muda mrefu zinajaza maji na mafuta usoni na tumboni, zinapandisha sukari na presha, zinadhoofisha mifupa, na ukiziacha ghafla mwili unaweza kuzimika kabisa maana umeshasahau kutengeneza homoni yake yenyewe. Kama umeshakuwa ukimeza, usiache kimya kimya, nenda kwa daktari na pakiti yako mkononi.

Na chai za kukata kitambi?

Nyingi zinakuharisha tu. Unapima asubuhi umepungua kilo mbili, ni maji, kesho zimerudi. Mafuta yako palepale. Ukinunua dawa yoyote uliza kama imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na anayeuza kwenye mitandao kwa picha za kabla na baada hatakuja wodini kukuona.

Sina hela ya gym. Mazoezi nifanyie wapi?

Miguu yako. Kiwango kinachopendekezwa ni dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa kukutoa jasho kidogo, na siku mbili za kazi ya misuli. Kama kutoka hosteli mpaka darasani ni dakika 15 kwa mguu, kwenda na kurudi ni 30, siku tano ni 150. Umemaliza. Na hiyo ndiyo tunayoipoteza kwa bodaboda na bajaji. Vyuo vyetu vina maeneo makubwa, UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, kwa mfano ukitoka koleji moja kwenda nyingine ni safari, jua la Dodoma nalo linajulikana, kwaiyo simlaumu anayepanda. Lakini kama darasa lako liko umbali wa dakika 15, toka mapema utembee.

Kwa misuli, kupanda ngazi na ndoo ya maji ni zoezi, pushapu za ukutani ni zoezi. Wasichana wengi waliacha michezo kidato cha nne na hawajarudi tena, kiwanjani ni wavulana na mpira wao, ukipita unaitwa majina. Nendeni wanne watano pamoja, netiboli, kamba, hata kucheza muziki chumbani nusu saa mlango umefungwa. Mazoezi peke yake hayafuti zege ya kila siku, lakini yanakusaidia presha, sukari na usingizi hata kama mizani haisogei.

Nilifunga Ramadhani nzima na nimeongezeka kilo. Imekuwaje?

Imekuwa hivi: futari ya hosteli mara nyingi ni viazi, mihogo, tambi za sukari, kaimati, sambusa, uji wa sukari na juisi, vyote kwa pamoja ndani ya nusu saa, halafu wali usiku baada ya tarawehe, halafu daku, halafu unalala mpaka saa tano asubuhi. Mfungo hauna kosa, meza ndio imezidi. Fungua kwa tende na maji, swali magharibi kwanza, ukirudi chukua uji na kimoja kati ya mihogo au viazi, na samaki au maharage. Vya kukaanga viwe vya kuonja.

Nikiwa na mawazo ndio nakula zaidi. Nina tatizo la akili?

Hapana, ni jambo la watu wengi. Mkopo umekataliwa, sapu mbili, mpenzi kaondoka, baba anaumwa kijijini, na chakula kitamu ndio faraja ya bei nafuu iliyo karibu. Jiulize tu kabla ya kufungua pakiti: ningekula ugali na maharage saa hii? Kama jibu ni ndiyo, una njaa, kula. Kama ni hapana unataka kitamu tu, kuna kitu kingine kinakusumbua, mpigie mtu. Ila ukiona unakula kwa kujificha mpaka tumbo linauma, au unajitapisha baada ya kula, tafadhali muone mshauri wa wanafunzi au daktari, hilo ni ugonjwa na linatibika.

Sindano ya uzazi wa mpango inanenepesha?

Ile ya miezi mitatu inaweza kuwaongezea baadhi uzito, ndiyo. Usiiache kienyeji ukapata mimba usiyoipanga, rudi kwa nesi muulizie njia nyingine, zipo.

Bia je?

Chupa ya mililita 500 ni kama kalori 200, na hakuna anayekunywa moja, na nyama choma iko pembeni. Piga hesabu mwenyewe.

Kumwita mtu bonge si tunamtania ili ajirekebishe?

Mtu hajirekebishi hivyo. Nimeitwa tipwatipwa mbele ya darasa zima na mtu aliyedhani anachekesha, na matokeo yake niliacha kwenda kantini mchana nikawa nakula usiku chumbani peke yangu, taa imezimwa. Niliongezeka kilo sita mwaka ule. Tafiti zinasema hivyo hivyo, wanaochekwa kwa unene wao huishia kula zaidi na kukwepa mazoezi. Na vinasaba navyo vina sehemu kubwa, wawili wanaweza kula sahani moja mmoja akanenepa mwingine asinenepe. Kama unampenda mwenzio mwambie "twende tukatembee", nenda nae.

Hosteli yetu hairuhusu kupika. Nile nini sasa?

Hapa ndio pagumu, na najua wengi mna jiko la umeme chini ya kitanda limefunikwa na kanga. Sikushauri, nyaya za hosteli nyingi hazihimili na moto ukishika chumba cha vitanda vya deka hakuna pa kukimbilia. Bila jiko inawezekana. Asubuhi: mayai mawili ya kuchemsha yale ya kwenye ndoo na ndizi mbivu, au mihogo ya kuchemsha na chai ya kijiko kimoja. Mchana kwa mama ntilie mwambie kwa heshima, "Mama, punguza wali niongezee maharage na matembele," atakupa tena kwa furaha maana wali ndio ghali. Jioni kula saa kumi na moja au kumi na mbili, kabla hujaingia laibrari, sio baada. Hilo moja la kusogeza chakula cha jioni lilinisaidia mimi kuliko kitu kingine chochote. Kwenye begi weka chupa ya maji, karanga za ganda kiasi cha kujaza kiganja, chungwa. Maziwa mtindi ya pakiti isiyo na sukari pia ni mazuri na yanashibisha.

Nipunguze kilo ngapi kwa mwezi?

Mbili zinatosha, nne ni mwisho. Na huhitaji kurudi kwenye uzito wa fomu six. Ukipunguza 5 hadi 10% ya uzito ulionao presha na sukari tayari zinaanza kukaa vizuri. Kwa mtu wa kilo 80 hiyo ni kilo 4 mpaka 8.

Lini niende hospitali?

Ukikojoa sana na kiu haiishi, ukiona ngozi ya shingo au kwapa imekuwa nyeusi na nene kama velveti, siku zako zikiruka miezi na ndevu zinaota kidevuni, ukikoroma mpaka pumzi inakata, ukinenepa ghafla bila kubadili kula. Presha ikipimwa zaidi ya mara moja na kila mara ni 140 kwa 90 au zaidi, nenda. Na kama una bima ya mwanafunzi itumie, umeshailipia.

Chuo chenyewe kinaweza kufanya nini, au yote ni juu yetu?

Sio yote juu yenu, na hapa naongea na viongozi wa serikali za wanafunzi, mnaogombea kila mwaka kwa ahadi za intaneti. Ombeni ratiba iachwe wazi saa saba mpaka saa nane kwa kila kozi, mtu ale. Ombeni bomba la maji ya kunywa kila jengo, maana sasa hivi mahali pengi soda ndio rahisi kuipata kuliko maji. Ombeni jiko la pamoja, salama, kila hosteli, hata la kulipia umeme kwa luku. Zile hosteli za Magufuli pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilipofunguliwa 2017 zilichukua wanafunzi 3,840 na kuwaweka ndani ya kampasi, wanaoweza kwenda darasani kwa mguu badala ya kugombania daladala, na hiyo nayo ni afya ingawa hakuna aliyeiita hivyo.

Na ombeni taa kwenye njia za miguu. Nilipokuwa chuo njia ya kutoka laibrari kwenda hosteli yetu ilikuwa na nguzo saba na taa inayowaka ilikuwa moja, kwaiyo wasichana wote tulipanda bodaboda, kila usiku, kwa umbali wa dakika kumi na mbili, na bodaboda ilikuwa inatushusha mbele ya banda la chipsi kwa sababu hapo ndio palikuwa na mwanga.